Afya Yako: Mrija wa Nyongo Ukibana Baada ya Kupandikizwa Ini

Nyongo hutoka kwenye ini na kupita katika mrija hadi utumboni, ambako husaidia kusaga mafuta. Anapopandikizwa ini, mgonjwa huunganishwa mrija wake na ule wa ini jipya. Kovu la kiungo hicho linaweza kuubana, mara nyingi katika mwaka wa kwanza.

Dalili ni macho ya manjano, mkojo mweusi, choo kilichopauka na mwili kuwasha. Wengine hawaoni dalili yoyote. Vipimo vya damu ndivyo hufichua. Usikose kliniki.

Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, hupanua mrija kwa puto, kisha huweka kijirija cha plastiki. Hiki huziba baada ya muda, hivyo hubadilishwa kila miezi 3 hivi, kwa takriban mwaka mmoja. Ikishindikana, upasuaji hufanywa.

Tahadhari: macho yakirudi meupe, usidhani umepona. Kijirija kilichoziba huleta maambukizi hatari. Ukipata homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na kadi zako. Usiache dawa za kulinda ini bila idhini ya daktari.