Dondoo muhimu: Mwanao akiwa na hemofilia

Jando lisubiri. Katika familia nyingi, hemofilia, yaani damu kutoganda vizuri, hujulikana siku ya tohara: damu inasimama, kisha inaanza tena usiku. Kama mjomba wa mtoto aliwahi kuvuja hivyo, au mtoto huvimba goti bila kuanguka, ombeni kipimo cha kuganda kwa damu kwanza. Msiharakishwe na ndugu.

Beba kadi ya mtoto ya hemofilia kila mwendako. Iandikwe aina ya ugonjwa (A ni upungufu wa faktari ya 8, protini ya kugandisha damu; B ni ya 9), uzito wa mtoto na simu ya daktari wake. Nesi wa zamu huenda hajawahi kukutana na mgonjwa kama huyu, kwa hiyo sema kwa heshima ila bila kulegea: asichomwe sindano ya msuli, asipewe aspirini, na akigonga kichwa apewe faktari kwanza, vipimo vya picha baadaye. Mwalimu wake naye aambiwe hayo ya kichwa.

Mama asibebeshwe lawama. Jeni mara nyingi hupitia kwake, lakini hakuichagua, na takriban thuluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo. Baba, nenda kliniki pamoja naye. Inauma kuona mama peke yake kwenye foleni ile. Mabinti nao wapimwe, maana wanaweza kubeba jeni hiyo.

Shirikisho la Dunia la Hemofilia, lililoanzishwa 1963, lina vyama wanachama Kenya, Tanzania na Uganda, na hutoa faktari za msaada. Mwandikisheni mtoto kwenye chama mapema, kabla hajahitaji dozi.