Balozi wa Elimu ya Juu ni Kijana wa Kwetu: Somo kwa Kamati za Sharika



Somo la robo hii linahusu utaratibu wa kuwatumia wanachuo na wahitimu wa karibuni kama mabalozi wa elimu ya juu katika shule za sekondari. Vyuo vingi duniani vinautumia, na sharika zetu zinao vijana wa kufanya kazi hiyo. Kabla ya kutenga fedha ni vema tujiulize: kijana huyu akienda shuleni, ni kitu gani kitabadilika kwa mwanafunzi anayemsikiliza?

Jibu tunalotaka kulifafanua ni hili. Balozi huleta mabadiliko anapotimiza mambo matatu: awe mtu ambaye wanafunzi wakimwona watasema "huyu ni mwenzetu", awe na taarifa sahihi, na arudi tena baada ya siku ya kwanza. Likikosekana moja, tutakuwa tumelipia nauli na soda tu.

1. Hali ilivyo kwetu

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 katika eneo la Chimwaga. Mwaka huohuo Kanisa Anglikana lilifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Ongeza Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Chuo cha Elimu ya Biashara, Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo, pamoja na VETA. Mkoa wetu hauna uhaba wa vyuo kama zamani.

Shule nazo zimesogea karibu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004, ulieneza shule za kata. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Tangu Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani.

Pamoja na hayo, mwanafunzi wa Bahi, Chamwino au Mpwapwa anaweza kupita karibu na majengo ya Chimwaga kila anapokwenda mjini, asijue mtu kama yeye anaingiaje pale. Nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo. Mwalimu ana vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha. Matokeo yake kijana huchagua tahasusi kwa kufuata rafiki, na akifika kidato cha sita ndipo anaambiwa kwamba kozi aliyoitamani inahitaji somo aliloliacha. Mwingine anafaulu vizuri, kisha anakwama kwenye maombi ya mkopo kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Hasara ya namna hii haionekani kwenye takwimu za ufaulu, lakini sisi tunaoishi na familia hizo tunaijua.

2. Wengine walifanyaje?

*Uingereza.* Kati ya mwaka 2004 na 2011 kulikuwa na mpango wa Serikali ulioitwa Aimhigher. Ulishirikisha vyuo na shule, na wanachuo walikwenda kuwasaidia wanafunzi kutoka familia ambazo hazikuwa na historia ya chuo kikuu. Mwaka 2011 fedha za Serikali zilisimama, na mpango ukafungwa. Kazi inayotegemea mfuko mmoja huanguka siku mfuko huo unapofungwa. Wafadhili na sharika walizingatie hilo mapema.

*Marekani.* Mwaka 2005 ulianza katika Chuo Kikuu cha Virginia mpango ambao baadaye ulienea na kuitwa College Advising Corps. Wahitimu wapya wanapangwa katika shule za sekondari kwa muda wa hadi miaka miwili. Wanakaa shuleni na kumsaidia mwanafunzi mmoja mmoja kujaza fomu za chuo na za msaada wa fedha. Hapa hotuba ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kukaa mezani na mwanafunzi mpaka fomu ikamilike.

*Tanzania.* Shirika la Camfed lilianza kazi nchini mwaka 2005. Wasichana liliowasomesha wana umoja wao, na kuanzia mwaka 2013 baadhi yao walianza kurudi katika shule za maeneo yao kama waongozaji wa wanafunzi. Wanaendesha vipindi vya stadi za maisha kwa kitabu kiitwacho Dunia Yangu Bora, kwa wasichana na wavulana pia. Wengi wao ni wahitimu wa sekondari ambao hawajafika chuo, lakini utaratibu wao unatufaa sana. Mwongozaji anaweza kupata mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara ndogo, na riba yake huhesabika kuwa ni ule muda anaojitolea shuleni. Pia anaweza kupata cheti cha mafunzo kinachotambulika. Hivyo anajitolea bila kubaki mikono mitupu.

*Madagaska.* Mwaka 2008 mtafiti Trang Nguyen alitoa matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule za msingi. Baadhi ya shule zilipewa takwimu kuhusu faida ya elimu. Nyingine zilitembelewa na mtu aliyefanikiwa, naye akasimulia maisha yake. Pale ambapo mgeni alitoka katika familia maskini, alama za wanafunzi zilipanda. Pale ambapo alitoka katika familia yenye uwezo, hapakuonekana mabadiliko. Takwimu sahihi peke yake nazo zilipandisha alama.

Kwa hiyo tuangalie sana tunamtuma nani. Tunapotafuta mgeni wa heshima tumezoea kumwalika mwenye cheo na gari. Wanafunzi watampigia makofi, watarudi darasani wakisema, "Yule ni mtoto wa wakubwa."

3. Sifa za balozi

Kwetu neno balozi linatukumbusha balozi wa nyumba kumi. Nguvu yake ilikuwa kujulikana: anazijua nyumba zake, na nyumba zinajua mlango wa kugonga. Balozi wa elimu ya juu naye achaguliwe kwa kipimo hicho.

Kwanza, awe amesoma shule ileile au shule ya kata ya jirani. Aeleze njia yake ilivyokuwa: umbali aliotembea, somo lililomsumbua, msimu ambao chakula kilikuwa haba, na nani alimsaidia.

Pili, awe balozi wa mwanafunzi na asiwe wakala wa chuo. Vyuo vinashindania wanafunzi, na balozi anayelipwa na chuo fulani ataelekeza kila mtu huko. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, ingawa baadhi viliruhusiwa baadaye. Mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya karo haridhiki na tangazo zuri. Anahitaji mtu wa kumwambia namna ya kuhakikisha kwamba chuo na kozi vinatambuliwa.

Tatu, ajue kwamba chuo kikuu si njia pekee. Kuna stashahada zinazosimamiwa na NACTVET, na kuna VETA. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa baadhi ya fani za stashahada nao wanaweza kuomba mkopo wa Serikali.

Nne, asichukue nafasi ya mwalimu. Wengi wetu tunakumbuka katikati ya miaka ya 2000, shule mpya zilipokosa walimu, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na leseni ya kufundisha. Wananchi wakawabandika jina la "Voda fasta". Walibebeshwa mzigo kuliko maandalizi yao. Mabalozi wetu wasitumiwe kuziba pengo la walimu.

4. Taarifa anazopaswa kuwa nazo

*Tahasusi.* Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi kufikia 65. Nafasi zimekuwa nyingi, na uwezekano wa kuchagua vibaya umeongezeka pia. Mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne aelezwe kila tahasusi inafungua kozi zipi na inafunga zipi.

*Sifa za kuingia chuo.* Kigezo cha chini cha TCU kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kozi nyingi zinadai zaidi ya hapo, na zinataja masomo yenyewe.

*Fedha.* Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu mwaka 2022/23 upo pia Ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi. Mwanafunzi aelewe tofauti ya mkopo unaorejeshwa na ufadhili usiorejeshwa.

*Vyeti.* Hapa ndipo usharika una kazi ya moja kwa moja. Mwombaji wa mkopo anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi. Kijana ambaye hakuandikishwa utotoni anaomba akiwa mkubwa, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyoweza kuambatishwa. Daftari la ubatizo lililotunzwa vizuri linaweza kumfikisha kijana chuoni. Angalieni pia majina: kama shuleni anaitwa hivi na kwenye ubatizo vile, tofauti hiyo ishughulikiwe mapema.

5. Kalenda ya mwaka

Ziara moja ya mwezi Oktoba, mitihani ikiwa mlangoni, haina faida kubwa. Tunapendekeza balozi aende shuleni angalau mara nne kwa mwaka, kwa kufuata majira haya:

- Januari hadi Machi: matokeo ya kidato cha nne yametoka. Kuwasaidia wahitimu kupitia upya uchaguzi wa tahasusi au kozi pale dirisha la mabadiliko linapofunguliwa.
- Februari hadi Aprili: kukagua vyeti vya kidato cha sita. Mtihani wao ni Mei, na baada yake wengi huitwa JKT, Makutupora na makambi mengine. Akiwa kambini hawezi kufuatilia cheti wilayani.
- Julai hadi Septemba: matokeo ya kidato cha sita, udahili na maombi ya mkopo. Wanachuo wengi nao wako likizo, hivyo ndio wakati wao mzuri wa kukaa na wadogo zao.
- Septemba: kuzungumza na kidato cha pili na cha tatu. Kidato cha nne waachwe wajiandae.

6. Mipaka na ulinzi wa mtoto

Balozi aingie shuleni kwa kibali cha ofisi ya elimu ya halmashauri na kwa makubaliano na mkuu wa shule. Vipindi vifanyike mchana, mahali pa wazi, mwalimu akiwapo. Asikutane na mwanafunzi faragha, wala asichukue namba yake ya simu. Mawasiliano yapitie kwa mwalimu au mzazi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Kila balozi aelezwe hayo na kutia sahihi kabla ya kuanza.

Shule za Serikali zina watoto wa dini zote. Balozi wetu anakwenda kwa ajili ya elimu ya watoto wote, na asitumie kipindi hicho kuhubiri.

7. Gharama na vipimo

Gharama kubwa ni nauli, chakula cha siku, kurudufu karatasi, na bando la kuingia kwenye tovuti za TCU, RITA na Bodi ya Mikopo. Usharika ukibeba nauli na chakula, msaada wa nje ubaki kwa ajili ya mafunzo ya mabalozi. Kwa mgawanyo huo, mfadhili akiondoka kazi haitasimama.

Ripoti zisihesabu ziara na mahudhurio tu. Zieleze: ni wanafunzi wangapi wa kidato cha sita waliokuwa na vyeti vilivyohakikiwa kabla ya Mei? Wangapi waliomba udahili na mkopo kwa wakati? Ni wasichana wangapi waliorudi shuleni? Na balozi mwenyewe amepata nini, cheti, barua ya uzoefu au mtaji mdogo? Kijana asiye na ajira tukimtumia mwaka mzima bila kumsaidia, mwaka wa pili hatutamwona.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Taja kwa majina wanachuo na wahitimu wa miaka mitatu iliyopita waliotoka katika mitaa ya usharika wetu. Nani kati yao anajulikana shuleni?
2. Je, daftari letu la ubatizo liko katika hali gani? Kijana akiomba cheti leo, atakipata baada ya siku ngapi?
3. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha tano na sita wa usharika wetu wasio na cheti cha kuzaliwa?
4. Usharika unaweza kubeba sehemu gani ya gharama bila kusubiri msaada?
5. Tutampa balozi nini ili naye asonge mbele?

Kamati zikianza na swali la tatu, zitakuwa zimeanza kazi hata kabla ya kumpata balozi. Orodha hiyo iwe tayari kabla shule hazijafungua Januari.