Mtoto Akiwa Kwenye Kemo, Nyumba Nzima Inatibiwa

Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo wengi wetu hulisikia kwa jirani, tunasema "poleni sana", kisha tunarudi shambani. Mtoto mdogo ana saratani. Amepelekwa hospitali kubwa, anatiwa dawa kali za kemotherapi, au kemo kama wanavyosema wodini. Je, kule nyumbani kunakuwaje?

Hebu tuchukue mfano wa nyumba moja pande za Bondo. Baba ni fundi wa baiskeli, mama anauza omena, watoto ni wanne. Wa tatu, kijana wa miaka mitano, alivimba taya. Wakadhani ni jino, likang'olewa, uvimbe ukazidi. Hospitalini waliambiwa ni saratani iitwayo Burkitt, jina la daktari Denis Burkitt aliyeieleza mwaka wa 1958 baada ya kuwaona watoto wenye uvimbe kama huo nchini Uganda. Huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria na kule Pwani. Haiambukizi. Wala haitoki kwa ukoo wa mama au wa baba. Hili la ukoo nalitaja makusudi, maana maneno hayo huweza kuvunja nyumba hata kabla ya dripu ya kwanza.

Uvimbe wa Burkitt hukua haraka ajabu. Waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini dawa nazo huushika upesi. Siku chache baada ya dawa ya kwanza uso wa mtoto unaanza kurudi, na hapo ndipo penye hatari. Baba anauona ule uso, anahesabu nauli, anasema: "Mama watoto, huyu si amepona? Turudi kufanya nini?" Jirani naye anaongeza kwamba maombi yamejibiwa. Kushukuru ni vizuri, ndugu msomaji, lakini chembe za saratani zilizobaki mwilini hazionekani kwa macho. Kemo hutolewa mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili au tatu hivi, kulingana na mpango wa daktari. Ukikatiza katikati ugonjwa hurudi, na ukirudi ni mgumu zaidi kutibu. Wako waliomaliza dawa zao wakapona, na leo ni watu wazima wenye watoto wao.

Kwa hiyo mapema kabisa, kabla hata ya kuamua nani atalala wodini na mtoto, nyumba ichague mtu mmoja wa kushika tarehe na nauli. Jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, lakini mjue kondakta wa matatu hapokei kadi ya bima. Na sisi wa jumuiya tuna kosa letu. Tunafanya harambee moja kubwa mwanzoni, watu wanapiga makofi, pesa zinaisha kwa safari ya pili. Safari ya nne hakuna hata wa kuuliza. Afadhali watu wachache wagawane safari: huyu nauli ya tarehe hii, yule ya tarehe ile.

Sasa mtoto akiwa nyumbani kati ya dawa na dawa. Kemo hupunguza chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, hasa kama wiki moja mpaka mbili baada ya kutiwa. Wakati huo homa ni jambo la dharura. Nunueni kipima joto. Kikifika 38, usimpe Panadol ukangoja kuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na uonyeshe barua ya kwamba yuko kwenye kemo. Pateni namba ya mwenye bodaboda anayekubali kuamshwa usiku. Kama kuna tetekuwanga au surua nyumbani au shuleni, waarifu hospitali siku hiyo hiyo.

Chakula kiwe kimeiva vizuri na cha moto, si kiporo, na maji yawe yamechemshwa. Midomo ikitoka vidonda, mpe uji uliopoa na ndizi mbivu. Ndimu na pilipili weka mbali. Kwa siku mbili baada ya dawa, anayeshika matapishi au mkojo avae glavu, na mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Nywele zitatoka, zitaota tena. Na dawa za miti shamba msimpe kwa siri. Zingine hugombana na kemo.

Hayo ya dawa sista atawaeleza. Ambayo huenda hakuna wa kuwaeleza ni ya watoto waliobaki. Katika nyumba yetu ya mfano, msichana mkubwa aliacha shule kumlea mdogo, na hakuna aliyeamua hivyo, ilitokea tu. Kijana wa miaka minane akaanza kukojoa kitandani. Alichapwa, mpaka shangazi yake alipokaa naye jikoni akamwuliza taratibu. Kumbe siku fulani waligombania mandazi, akampiga mdogo wake ngumi ya shavu. Miezi yote hiyo aliamini yeye ndiye aliyemtia ugonjwa, na hakuthubutu kumwambia mtu.

Waambieni watoto ukweli kwa maneno yao: ni ugonjwa, hakuna aliyeuleta, dawa ni kali, mama atarudi siku fulani. Mama apige simu jioni aongee na kila mmoja, hata dakika moja. Na mgonjwa mwenyewe asidanganywe kwamba sindano haiumi. Akidanganywa mara moja, mara ya pili mtamshika watu watatu. Akileta utundu akatazwe kama wengine. Yai lake apewe kwa sababu ya dawa, na wengine waelezwe hivyo.

Ya kujadiliana katika kikundi: Katika jumuiya yetu kuna mtoto aliyeanza matibabu ya muda mrefu? Safari yake ijayo ni tarehe gani, na siku hiyo ndugu zake watakula kwa nani?