Vidokezo 7 vya Andiko la Mradi Linalopata Fedha

Wito wa maombi ya ruzuku umetoka, siku zilizobaki zinahesabika, na andiko lote limekuangukia wewe, ambaye pia ndiye mratibu, mtunza fedha na mpokea wageni wa asasi. Usitishike! Asasi ndogo ina silaha ambayo mashirika makubwa ya mjini huhangaika kuitafuta: inaijua kata yake nyumba kwa nyumba. Kazi iliyobaki ni kuliweka hilo kwenye karatasi. Twende kazi.

1. Soma wito ukiwa na kalamu mkononi

Kompyuta isubiri kwanza. Pigia mstari mambo manne: nani anaruhusiwa kuomba, eneo gani, kiwango cha juu ni kipi, na nini hakilipiwi. Hilo la nne ndilo linaloangusha wengi. Chukua misaada midogo ya kijamii ambayo Japani huitoa kupitia balozi zake: inajenga madarasa, inachimba visima, inanunua vifaa vya zahanati, lakini mishahara, posho na mafuta ya gari hailipi. Ukipeleka huko andiko la semina, hata liwe zuri namna gani, umejichosha bure. Halafu angalia jedwali la alama, kama lipo. Historia ya asasi ikiwa na alama 5 na uendelevu wa mradi alama 20, unajua kurasa zako ziende wapi.

2. Takwimu ziko hapo jirani

“Wasichana wengi wanakosa masomo” ni sentensi ambayo msomaji wa maandiko ameshaiona asubuhi hiyo hiyo, pengine mara kadhaa. Sasa isome hii: “Katika shule tatu za kata yetu, madaftari ya mahudhurio ya mwezi Machi yanaonyesha kuwa wasichana 64 kati ya 310 walikosa shule siku tatu au zaidi.” Umeona tofauti? Namba hizo nimezitunga kwa mfano tu; zako zitoke kwenye daftari lenyewe. Nenda na barua ya asasi yenye mhuri kwa mwalimu mkuu, kwa mganga mfawidhi wa zahanati na kwa mtendaji wa kata. Asubuhi moja ya kuzunguka itakupa aya ambayo hakuna mshauri wa kulipwa angeweza kukuandikia akiwa ofisini kwake. Na usisahau kuandika namba umeitoa wapi.

3. Lengo moja, lieleweke

“Kuhamasisha jamii” na “kujenga uwezo” zimechoka, tuzipumzishe. Sema nani atafanya nini, kwa kiasi gani, ifikapo lini. Mtihani rahisi: msomee jirani yako asiyehusika na asasi. Akiuliza “kwa hiyo mtafanya nini hasa?”, rudi ukaandike upya.

4. Bajeti nayo inasimulia

Wasomaji wengi wa maandiko hukimbilia bajeti mapema, kwa sababu hapo ndipo wanapoona kama umefikiri. Ukiandika “Warsha: shilingi 2,000,000”, umezua maswali. Ivunje vunje: chakula, washiriki 25 kwa siku 2 kwa shilingi 15,000, ni 750,000. Nauli, washiriki 25 kwa siku 2 kwa shilingi 10,000, ni 500,000. Ukumbi siku 2, 300,000. Mwezeshaji siku 2, 200,000. Madaftari na kalamu, 50,000. Jumla 1,800,000, na kila shilingi ina kazi yake. Kwa vitu vya kununua, omba ankara kifani dukani badala ya kukisia bei.

Tena usione haya kuomba gharama za uendeshaji pale zinaporuhusiwa. Umeme, intaneti na pango la ofisi havijilipi vyenyewe! Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida hukubali hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Asasi nyingi huiacha pesa hiyo mezani kwa woga tu.

5. Kiswahili chako ni mtaji

Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, inayotekelezwa na UNDP tangu mwaka 1992 kwa miradi ya mazingira, hupokea mawazo ya jamii hata kwa lugha za wenyeji, hata kwa picha na video. Kwa hiyo uliza kabla ya kudhani. Na Kiingereza kikiwa ni lazima, andika kwanza kwa Kiswahili ukiwa na wenzako, mkubaliane, ndipo mtafsiri.

6. Faili moja, kila kitu ndani

Cheti cha usajili, katiba, TIN, hesabu zilizokaguliwa, orodha ya bodi: vipige skani leo, uvipe majina yanayoeleweka. Kisha tuma siku mbili kabla ya mwisho. Dakika za mwisho umeme una tabia zake.

7. Milango iwe mingi

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Asasi zilizoegemea mlango huo mmoja ziliumia sana, na watu waliohudumiwa nazo pia. Tengeneza jedwali dogo: mfadhili, kiwango, tarehe ya mwisho, jibu. Likija “hapana”, andika barua fupi ya heshima kuomba maoni ya waliokusoma. Wengine hujibu, na maoni hayo ni dhahabu kwa andiko lijalo. Likija “ndiyo”, pigeni vigelegele! Kisha, kama mko Tanzania na fedha inazidi shilingi milioni 20, kumbukeni Kanuni za NGO za mwaka 2018: mkataba ufike Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 tangu kusainiwa.