Debe Shinda Haliachi Kutika: Hewa Ndani ya Maji ya Injini

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona gari limesimama kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, karibu na Timboroa, boneti juu, mvuke unafuka kama sufuria ya githeri, nao abiria wameshuka wanajikunyata kwa baridi. Muulize dereva naye atakuapia kuwa asubuhi alijaza maji mpaka yakafurika mdomoni mwa rejeta. Wala si lazima awe anadanganya. Huenda maji aliyatia kweli, ila mle ndani mlibaki hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Wenzetu wa Fizikia watatusaidia hapa. Lita moja ya maji ikipanda joto kwa nyuzi 1 huwa imebeba jouli 4,200 hivi. Lita moja ya hewa ya kawaida hubeba jouli 1 na ushei tu! Kwa hivyo pale hewa ilipokalia nafasi ya maji, chuma hakina wa kukipoza. Isitoshe, pampu imeundwa kusukuma maji. Ikifikiwa na hewa nyingi, mapanga yake huzunguka bure na maji husimama tuli huku moto unaendelea kuwaka ndani ya silinda. Kimo nacho kina lake. Mombasa, maji huchemka yakifika nyuzi 100, lakini Timboroa, kiasi cha mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakifika nyuzi 91 hivi. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima hubana maji na kuongeza zaidi ya nyuzi 20 kabla ya kuchemka. Kikilegea, faida hiyo yote imekwenda.

Hewa yenyewe hutoka wapi? Mara nyingi huingia fundi anapomwaga maji ili kubadilisha mpira, pampu au themostati, kisha akajaza kwa pupa. Pengine kuna mpira unaovuja, au kifuniko kimechoka, hivyo injini ikipoa hufyonza hewa badala ya kuvuta maji kutoka kwenye chupa ya akiba. (Mafundi wa jua kali wengi husema “upepo” pale mwalimu wetu angesema “hewa”. Mimi sioni kosa. Hata gurudumu tunalijaza upepo.) Ikishaingia hupanda juu na kujificha kwenye kichwa cha injini, penye themostati, au katika heta iliyo nyuma ya dashibodi.

Dalili zake ni kama wasemavyo wahenga, debe shinda haliachi kutika. Washa gari asubuhi utasikia maji yakigugumia nyuma ya dashibodi. Heta nayo hupuliza baridi ilhali mshale wa joto umepanda, au mshale wenyewe hupanda na kushuka ovyo. Lakini tahadhari, usiuamini sana mshale huo. Kile kipimo kinahitaji kuguswa na maji. Kikizungukwa na hewa kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari huku injini inaungua.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, injini iwe imepoa kabisa. Maji yaliyobanwa humo hugeuka mvuke ghafla kifuniko kinapofunguliwa, yakamrukia mtu usoni na kumbabua ngozi. Hata uwe na haraka ya kuwahi mashindano ya drama, subiri. Liegeshe gari pua ikielekea mlimani ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine, kisha ufunge breki ya mkono na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Weka heta kwenye joto la mwisho, maana katika magari mengi ya zamani bila hivyo maji hayapiti huko.

Mimina maji yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, pole pole, huku ukiubinyabinya ule mpira mkubwa wa juu. Utaona mapovu yakitoka. Baadhi ya injini zina skrubu ndogo ya kutolea hewa karibu na themostati. Ilegeze, ngoja maji yatoke bila povu, ndipo uikaze. Kisha washa injini, kifuniko kikiwa wazi, uiache ingurume taratibu. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kukosa subira. Themostati ni mlango uliofungwa, na katika injini nyingi haufunguki mpaka maji yafike nyuzi 82 au 88 hivi. Ukifunguka, mpira wa juu huwa moto na maji mdomoni hushuka ghafla. Ongeza. Kanyaga mafuta kidogo, achilia, ongeza tena, uso wako ukiwa mbali. Feni ikishawaka na kuzima, heta ikapuliza joto, na mapovu yakakoma, funga kifuniko na ujaze chupa ya akiba hadi alama yake. Kesho yake, injini ikiwa baridi, tazama tena. Kwa kawaida maji hupungua kidogo.

Kuna mafundi ambao, wakichoshwa na kungoja huko, huing’oa themostati na kuitupa, eti nchi yetu ina joto. Sikubaliani nao hata kidogo. Injini isiyopata joto lake hula mafuta na kulika upesi, na zipo injini ambazo, themostati ikitolewa, maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, zikazidi kuchemka.

Na je, mapovu yakikataa kukoma hata baada ya saa nzima? Hapo huenda si hewa tena bali moshi wa silinda unaopenya gasketi iliyoungua. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au ekzosi inatoa moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa moto, zima gari hapo hapo. Hilo sasa ni la kuvutwa hadi gereji, hata kama ni basi la shule na safari ni kesho.