VYOMBO VYA MINA: HUKUMU YA MAPAMBO

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Kisauni: je, ni halali kutumia sahani na vikombe vya Kiajemi vilivyopambwa kwa mina, vinavyonunuliwa kwa ajili ya arusi?

Kwanza yatupasa kukijua chombo chenyewe. Mina ni kioo. Fundi wa Isfahani husaga kioo kikawa unga, akakitia rangi za madini, akapaka juu ya shaba, kisha akachoma kwa moto wa nyuzi 750 hadi 850 za Selsiasi mpaka kioo kiyeyuke kishikane na shaba. Basi asili yake ni shaba na kioo, na vyote viwili ni halali. Wala rangi haiharimishi kitu. Imamu Nawawi katika Minhaj ameruhusu kila chombo tohara, hata cha yakuti, ila dhahabu na fedha.

Lakini kilichofuliwa kwa fedha, mina ikawa ni maua tu juu yake na fedha yaonekana, hicho kingali chombo cha fedha. Mtume (s.a.w.) amemuonya anywaye humo kwamba anajimiminia moto wa Jahanamu tumboni. Na mwenye kukiweka kabatini asidhani amesalimika: kukiweka tu ni haramu kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na zaka yake ni wajibu ikifika nisabu, nayo ni kiasi cha gramu 595 za fedha au gramu 85 za dhahabu.

Wazee wetu wa pwani nao walivipenda vyombo ving'aavyo. Huko Mambrui na Kunduchi walivipachika vibakuli vya kigeni katika minara ya makaburi. Bakuli halina kosa, kosa ni mahali lilipowekwa, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kuyapaka makaburi chokaa na kuyajengea.

Leo kosa limehamia arusini. Mtu wa Likoni au Changamwe hukopa ili kabati la bibi arusi lijae vyombo visivyoliwa, na deni likabaki shingoni mwake baada ya wageni kwenda zao. Shaba ile ni halali, lakini israfu ni haramu, na deni la kujionyesha ni mzigo usio na thawabu. Ndugu zetu, anayeweza na anunue kwa kadiri yake, ale humo na wageni wake. Asiyeweza, sahani ya udongo yamtosha.

Wallahu aalam.