Usugu wa Bakteria dhidi ya Dawa

Swali: Mkazi wa Kariakoo ananunua antibiotiki bila cheti cha daktari, kisha anaacha kumeza mara apatapo nafuu. Eleza jinsi tabia hii inavyochangia usugu. (Alama 6)

Mfano wa kukusaidia: Kipindupindu kilipolipuka Tanzania Oktoba 1977, bakteria waliopimwa walidhibitiwa na tetrasaiklini. Dawa hiyo ikatumika kwa wingi, kilo 1,788, kutibu wagonjwa na kuwakinga wasiougua. Baada ya miezi 5, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu.

Panga jibu lako hivi:

1. Tofauti: Bakteria huzaliana haraka. DNA inaponakiliwa hutokea mutesheni. Pia bakteria hupokezana plasmidi, yaani DNA ya duara inayoweza kubeba jeni za usugu.

2. Uteuzi: Dawa huangamiza bakteria dhaifu. Wenye jeni ya usugu hubaki, tena bila washindani wa chakula na nafasi.

3. Urithi: Waliobaki hugawanyika na kurithisha jeni hiyo. Kizazi baada ya kizazi, sugu huwa wengi.

4. Hitimisho: Mgonjwa akiambukiza wengine, huwaambukiza bakteria ambao dawa ileile haiwawezi.

Tahadhari: Usiandike "bakteria walizoea dawa" wala "mwili ulizoea dawa", utapoteza alama. Dawa haitengenezi jeni ya usugu, bali huchagua wale walio nayo tayari.

Sasa funika ukurasa huu, kisha jibu swali kwa maneno yako mwenyewe.